Mimbari Iliyovuka Tana

Tangu turudi Lamu sijapita mtaa bila kusimamishwa. "Athmani, mimbari ilifika?" "Ni kweli mkeo aliikalia mtoni?" "Ni kweli uliikata kwa msumeno wako mwenyewe?" Nimejibu nusunusu, mmoja barazani, mwingine sokoni, na sasa naona habari zinazozunguka zimekuwa nyingi kuliko zilizotokea. Basi naandika mara moja, mwenye kutaka asome. Habari za vibali na za kumtafuta mwenye lori nitaziruka, hazina ladha.

Kwa asiyenijua, mimi ni seremala wa nakshi. Nachonga milango, fremu na makasha, kazi niliyorithi kwa baba. Mwaka huu watu wa Kotile, kijiji cha wafugaji huko Ijara katika kaunti ya Garissa, waliniagiza mimbari. Walikuwa wamemaliza kujenga msikiti wa mawe baada ya miaka mingi ya kuswali katika msikiti wa fito na udongo, na khatibu wao, Maalim Dakane, muda wote huo alikuwa akihutubu amesimama juu ya sanduku la mbao la majani ya chai. Walitaka Ijumaa ya kwanza ya msikiti mpya mzee apande mimbari.

Nikaichonga kwa mbambakofi: vidato vitatu, kiti cha khatibu, mbavu mbili, yaani mbao za pembeni, nguzo nne za kusimama, na juu ya nguzo hizo taji, yaani kuba dogo lenye matao manne, kila tao na maua yake. Taji lile lilinichukua muda mrefu kuliko vyote vingine kwa pamoja. Sijapata kuchonga kitu kizuri kama kile, na sikuwaficha watu. Mnajua wenyewe, kila aliyepita nilimwita aje aone.

Wiki moja kabla ya kuondoka, mwenyekiti wa msikiti, Abdirashid, alinipigia simu. Vipimo tulikuwa tumeshamaliza siku nyingi: upana wa ukuta wa kibla, nafasi iliyopo kando ya mihrabu.

"Fundi, jambo moja nilisahau," akasema. "Baa yetu iko chini sana."

Nilisikitika. Msikiti mpya, na chini yake pana baa ya pombe!

"Mungu atawaondolea," nikamwambia.

"Atuondolee baa?"

"Ndiyo. Aiondoe kabisa, isirudi."

"La, fundi, usiombe hifyo," akasema kwa sauti ya mtu aliyeshtuka. "Tumeijenga kwa taabu. Tunaihitaji, hasa wakati wa mfua."

Simu ikakatika. Nikamgeukia mke wangu, Mwanaisha, nikamwambia, "Hawa watu wa msikiti wana baa, waliijenga wenyewe, na wanaihitaji hasa wakati wa mvua."

Mwanaisha akaweka chini ungo wake. "Basi tunakwenda wote," akasema. "Siwezi kukuacha uende peke yako mahali kama hapo."

Mokowe hadi Garsen

Tuliondoka Mokowe, ng'ambo ya Lamu, Jumatatu asubuhi, mimbari imefunguliwa vipande kumi na kimoja na kufungwa kwa magodoro na mablanketi ya nyumbani. Wiki nzima hiyo wanangu walilala juu ya mikeka. Lori lilikuwa la Komora, Mpokomo wa upande wa Hola, mtu mnene mwenye sauti nzuri, aliyeimba nyimbo za kanisani tangu tulipowasha mpaka tulipozima. Siku ya kwanza nilikuwa na wasiwasi kidogo. Siku ya pili Mwanaisha alikuwa akiitikia.

"Hata kwetu kanisani tunayo mimbari," Komora akatuambia. "Ya saruji. Tatizo mchungaji wetu mfupi. Akisimama ndani tunasikia sauti tu, mtu hatumwoni."

Tulipopita Witu mkanda wa feni ukakatika. Komora akashuka, akafungua boneti, akatazama, akafunga. "Tukae," akasema. Tukakaa tangu saa nne mpaka saa tisa, mpaka alipopita mwenzake mwenye mkanda wa akiba. Mwanaisha alifungua kopo lake, tukala mkate wa mofa na samaki wa kukaanga, na kila aliyepita akakaribishwa. Ndipo nilipogundua kwamba nchi nzima ina hamu ya kujua nini kimefungwa ndani ya magodoro.

Mama mmoja wa Kiorma aliyekuwa akiuza maziwa alisema ni kitanda cha bibi harusi. Mwenye baiskeli akasema ni ngazi ya kupandia ndege. Aliona mbavu na vidato vikichungulia kati ya magodoro. Akaja askari kutoka kizuizi kilichokuwa mbele yetu, akazunguka lori mara mbili, akagonga mbao kwa kidole.

"Hili ni jukwaa," akasema. "Kampeni zimeanza? Nani anagombea?"

"Huyu hagombei kitu, afande," Komora akamwambia akinionyesha mimi. "Ni mimbari. Inakwenda msikitini."

Askari akavua kofia, sijui kwa nini, akaivaa tena. "Khatibu wenu anahutubu kwa muda gani?"

"Sijamwona bado," nikasema.

"Mkimpa kiti kizuri hivi hatashuka," akasema, akachukua kipande cha samaki, akaenda zake.

Usiku tukalala Garsen.

Garsen hadi mtoni

Mvua ilikuwa imenyesha juu huko, nchi za mbali, na Tana ukawa umejaa bila sisi kuona tone. Tulipofika mahali pa kuvukia kwenda Masalani, Jumanne mchana, barabara ya kuingilia darajani ilikuwa chini ya maji. Magari yamepanga mstari, madereva wamelala chini ya magari yao. Daraja tuliliona kwa mbali, zima, kavu, halifikiki.

"Maji yatapungua lini?" nikamuuliza mtu mmoja.

"Yakichoka," akanijibu.

Nikahesabu siku kwenye vidole. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Mimbari ilihitaji siku nzima ya kuunganishwa. Nilianza kutembea huku na huku kama kuku anayetaka kutaga, mpaka Mwanaisha akaniambia niketi, namtia kizunguzungu. Yeye alikuwa ameshapata rafiki, mama muuza chakula, na tukala ndizi za kupika na kambare wa mtoni. Mimi mla samaki wa baharini tangu utoto nilimdharau kambare kwa jina tu. Nimetubu. Nilikula sahani mbili.

Yule mama ndiye aliyetuambia habari za boti. Watu na mizigo midogo walikuwa wakivushwa kwa boti za injini, mahali maji yalipotulia. Mwenye boti kubwa alikuwa kaka yake, anaitwa Hiribae.

Hiribae akaja kesho yake alfajiri, akatazama vipande vyangu kumi na kimoja, akanyanyua ubavu mmoja upande mmoja, akaushusha.

"Mbao gani hii?"

"Mbambakofi."

"Ikianguka itaelea?"

"Haitaelea."

"Basi isianguke," akasema, kana kwamba amemaliza kazi.

Komora alitusaidia kupakia. Lori halikuweza kwenda mbele zaidi, na yeye alikuwa na chumvi ya kupeleka Hola. Kabla ya kutuaga aliweka kiganja chake juu ya godoro lililofunika taji, akafumba macho, akaomba dua yake kwa Kipokomo. Sikuelewa neno hata moja. Nikasema amin.

Kuvuka

Boti ilikuwa pana lakini si ndefu. Mbavu mbili zililazwa pembeni, nguzo katikati, taji mbele. Vidato vilikuwa kipande kimoja kizito, vikawekwa katikati kabisa ili boti isiinamie upande. Tukabaki sisi wawili bila mahali pa kukaa.

"Mama akae hapo," Hiribae akasema, akionyesha kidato cha pili.

"Hapana," nikasema. "Hiyo ni mimbari."

"Baba Shee," Mwanaisha akaniambia, na akiniita kwa jina la mtoto wetu wa kwanza najua ameshaamua, "haijaingia msikitini. Sasa hivi ni mbao. Ikishaingia msikitini sitaikalia." Akakunja buibui lake, akaketi.

Kwa hiyo ni kweli. Mke wangu alivuka Tana ameketi kwenye mimbari, amenyooka, kikapu mapajani, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakipita kasi pande zote mbili. Mimi niliinama mbele nimekumbatia taji. Katikati ya mto gogo lilitujia, Hiribae akapinda boti ghafla, maji yakaingia ubavuni, na wanaume walioko ng'ambo wakapiga kelele. Mimi nilifumba macho. Nilipofumbua, gogo lilikuwa limepita, na Mwanaisha alikuwa akiwapungia mkono watu wa ukingoni.

"Umeogopa?" nikamuuliza.

"Nimeogopa sana," akasema huku bado anapunga.

Masalani hadi Kotile

Ukingoni alitungoja Abdirashid, mrefu, mwembamba, ndevu zimepakwa hina, na mikokoteni miwili ya punda. Magari yasingefaa, tope la njia ile linameza gurudumu hadi ekseli.

"Bole, fundi! Bole na safari! Fitu fyote fimefika?"

"Vimefika, alhamdulillahi."

"Na mama? Karibu, eeddo, karibu."

Alimwita hivyo, shangazi kwa Kisomali, na njia nzima hakumwita jina jingine. Mngetarajia kwamba baada ya kusikia "bole" mbili na "fitu fyote" ningeelewa jambo. Sikuelewa. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa nikitazama pande zote kwa jicho la pembeni nione baa iko wapi.

Kwanza tulipelekwa nyumbani kwa dada yake tukanywa chai na kula anjera, chapati yao laini, na kibuyu cha maziwa ya ngamia kikaja. Nikanywa. Yalikuwa na ladha ya moshi.

"Yameungua kidogo," nikasema kwa upole, nisimwaibishe mwenye nyumba.

Chumba kizima kikacheka. Abdirashid akaeleza kwamba kibuyu hufukizwa kwa kijinga cha moto kabla maziwa hayajatiwa, ili yakae siku nyingi na yanukie. Mwanaisha akaonja, akafikiri. "Wanafukiza maziwa kama sisi tunavyofukiza nguo kwa udi," akasema. Akaongeza kikombe. Mimi nilizoea kikombe cha tatu.

Njia ya Kotile ilitupeleka taratibu. Punda wa mkokoteni wa pili alikuwa na tabia ya kusimama kila alipoona kivuli, akatafakari. Kila aliposimama kamba zililegea, na mara ya nne ubavu mmoja uliteleza hadi nusu yake ikawa nje. Nilikuwa nikizifunga upya, kwa mafundo yangu ya kipwani, ndipo akatokea mwanamke wa makamo anaswaga ngamia wawili waliobeba nyumba. Ndiyo, nyumba: fito zilizopindwa, mikeka, ngozi, vibuyu, vyote vimefungwa juu ya migongo ya ngamia. Alikuwa anahama.

Akasimama akatazama ninavyofunga. Akasema kitu kwa Kisomali. Abdirashid akacheka.

"Anasema mzigo yako itaanguka kabla ya ule mti."

"Mwambie nimefunga mizigo tangu utoto."

Akatafsiri. Mwanamke akaja, akafungua mafundo yangu yote, akapanga vipande upya, vile vizito chini, vyepesi juu, nguzo zimelazwa pembeni kushikilia mbavu, akazungusha kamba mara tatu na kuivuta kwa goti. Mkokoteni ukawa kama umezaliwa hivyo. Kisha akapitisha kidole kwenye ulimi wa kiungo, mahali kidato kinapoingia ubavuni, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Anasema nyumba yake na yako ni ndugu," Abdirashid akaniambia. "Inafunguka, inafungwa. Anauliza nani atakaa ndani."

"Mwambie khatibu. Kila Ijumaa, kama nusu saa."

Mwanamke aliposikia hivyo aliutazama mkokoteni, akautazama wa pili, akanitazama mimi.

"Anasema ni nyumba kubwa kwa nusu saa," Abdirashid akatafsiri.

Akaswaga ngamia wake. Kamba zake hazikulegea mpaka Kotile.

Kotile, Alhamisi

Tulifika Jumatano jua likizama, tukalala kama magogo. Alhamisi asubuhi nikauona msikiti. Mdogo, mweupe, safi, umekaa vizuri juu ya mchanga. Nje birika la kutawadhia, ndani safu sita za mikeka, nguzo mbili za mawe, na mbele mihrabu iliyojengwa kwa mkono wa mtu anayependa kazi yake: tao lake halikupinda hata kidogo. Kando ya mihrabu, lile sanduku la chai.

Maalim Dakane alikuwa ameketi karibu nalo. Mzee mdogo wa mwili, goti la kulia amelifunga kitambaa. Kiswahili chake alikipata ujanani, alipokuwa akipeleka ng'ombe mnadani Garissa.

"Fundi, karibu. Mimi nimengoja wewe kuliko watu yote," akaniambia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Tukaanza kuunganisha. Mbavu zikasimama, vidato vikaingia, kiti kikakaa. Watu walijaa mlangoni, kila kipande kikiingia mahali pake wanasema "Mashallah". Nikasimamisha nguzo ya kwanza ya nyuma. Ikagota kwenye boriti. Nikafikiri imeinama. Nikainyoosha. Ikagota tena, na taji lilikuwa bado halijapanda juu yake.

Nikatoa futi yangu nikapima. Mimbari yote na taji lake ilikuwa futi kumi. Kutoka sakafuni hadi boriti, kando ya mihrabu, zilikuwa futi nane kasoro.

"Lakini fundi," Abdirashid akasema taratibu, "si nilikuambia? Nilikuambia kwa simu. Baa yetu iko chini." Na akanyoosha kidole juu.

Nikatazama kidole. Nikatazama mabati.

"Paa," nikasema.

"Ndiyo. Baa."

Upande wa wanawake, nyuma ya pazia, nikasikia Mwanaisha anaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini. Nikalazimika kumweleza Abdirashid nilichokuwa nimefikiri, naye alipoelewa alishika ukuta. "Wewe uliomba Mungu aondoe baa ya msikiti!" akalia, akawageukia wenzake kuwatafsiria, na msikiti mzima ukacheka, Maalim naye, mpaka kilemba kikamlegea. Nilicheka na mimi. Lakini kicheko kilipokwisha, nguzo ilikuwa bado imegota.

Wakatoa mashauri. Mmoja akasema tutoboe mabati, taji litokeze juu kama mnara. Mwingine akasema tuchimbe sakafu. Maalim aliwanyamazisha kwa mkono, akataka kwanza ajaribu kupanda. Akaweka mguu kwenye kidato cha kwanza, akapanda. Kwenye cha pili goti likatetemeka, akatafuta mahali pa kushika, hapakuwapo, na kama si Abdirashid kumdaka kwapani angeanguka kifudifudi. Wakamketisha. Alikuwa anahema, na bado anatabasamu.

"Fundi, kitu yako ni nzuri sana," akasema. "Usikate. Haramu kukata kitu kama hii. Wacha ikae hapo watu waone. Mimi nimezoea sanduku."

Nikatoka nje.

Nilikaa kando ya birika nikitazama maji. Mwanaisha akanifuata, akaketi ukingoni.

"Una nini?"

"Wanataka nikate taji."

"Hakuna aliyetaka. Mzee amesema usikate."

"Hilo ndilo baya zaidi."

"Baba Shee, wakati unalichonga lile taji, ulikuwa ukimfikiria nani?"

Ningeweza kusema Mwenyezi Mungu. Lakini mtu uliyeishi naye miaka thelathini na miwili humdanganyi. "Kombo," nikasema. "Nilikuwa nikifikiria Kombo, seremala wa mtaa wa pili, atakavyoliona, asipate usingizi." Kombo akisoma haya anisamehe, najua atasoma.

"Kombo hayupo Kotile," Mwanaisha akasema. "Yupo mzee mwenye goti bovu, na khutba ni kesho." Kisha akasema, kama kitu kidogo tu, "Na upande wetu mlango hauna hata fremu. Tundu kwenye ukuta, gunia limening'inizwa. Wanawake wanasema mvua ikija inaingia na upepo. Walipojenga, fedha na mbao ziliishia upande wa wanaume."

Nilimtazama. Hakunitazama. Alikuwa akichezesha vidole majini.

Basi nilirudi ndani nikachukua msumeno. Nilipouweka kwenye nguzo ya kwanza ya mbele mkono ulikataa kwenda. Nilikuwa nimeipiga nguzo ile msasa siku nne. Nikasema Bismillahi, nikakata. Sauti yake naikumbuka bado. Ya pili ilikuwa rahisi zaidi, na ya tatu na ya nne sikuzisikia. Mimbari ikabaki na vidato vyake, kiti na mgongo, bila taji, chini ya lile paa ilivyofaa. Na nitawaambia kitu ambacho sikumwambia mtu pale: ilikuwa nzuri zaidi. Ilikuwa imeacha kupiga kelele.

Nguzo mbili za mbele nilizilaza kwa mshazari, moja kila upande wa vidato, nikazitilia ulimi ndani ya mbavu, zikawa mishikio. Nikamwita Maalim. Akashika kulia, akashika kushoto, akapanda cha kwanza, cha pili, akasimama. Akashuka. Akapanda tena. Akashuka. Mara ya tatu nilimwambia apumzike, goti lisiumie kabla ya kesho. Akakataa kama mtoto aliyepewa baiskeli.

Alasiri yote tulikuwa upande wa wanawake. Lile taji nililifungua matao yake. Tao la mbele, lenye maua mengi, likakaa mlangoni mwao kama lililopimwa kwa mlango ule. Nguzo mbili za nyuma nikazifanya miimo ya mlango. Wanawake ndio walioshika mbao, wakanipa misumari, wakanisahihisha pale nilipopinda. Maalim akaja kutazama, amejikokota kwa fimbo yake.

"Nani alifikiria hii?" akauliza.

Nikamwonyesha Mwanaisha.

"Jina yako nani, mama?"

Akamwambia. Maalim akalirudia taratibu, mara mbili, kama mtu anayeweka kitu mfukoni.

Ijumaa

Watu walianza kuja mapema. Wengine walitoka malishoni, wamekuja na mavumbi yao hadi birikani, wakatawadha, wakang'aa. Safu sita zikajaa, wakajipanga nje kwenye mchanga. Upande wa wanawake walikuwa wakiingia na kutoka mlango uleule bila sababu, wanapita chini ya tao, wanatazama juu, wanatoka wanapita tena.

Adhana ilipokwisha Maalim akasimama. Abdirashid alinyoosha mkono amsaidie, mzee akamtikisia kichwa. Akashika kulia. Akashika kushoto. Kidato cha kwanza. Mimi nilikuwa safu ya pili, na nilikuwa nikisukuma kwa mwili wangu wote kama vile mimi ndiye goti. Kidato cha pili. Akageuka, akatuelekea, akatoa salamu, na watu waliitikia kwa sauti ambayo nadhani mabati yaliisikia.

Alihutubu kwa Kisomali. Aya zile za Kiarabu nilizifuata, mengine sikuelewa kitu. Sikuhitaji. Nilisikiliza sauti yake inavyotoka juu na kufika mpaka kwa watu wa mchangani, bila mtu kukunja shingo. Hata hakukaa nusu saa. Alikuwa mfupi wa maneno.

Akaja kwenye dua. Mikono ikainuliwa. Alimwomba Mungu kwa Kiarabu na kwa Kisomali, na mimi nikiitikia amin pamoja na wengine bila kujua tunaomba nini, mpaka nikasikia katikati ya maneno yale neno moja la kwetu: "fundi." Nikainua uso. Ndipo nikatambua kwamba kabla ya neno lile, kabla yangu mimi, nilikuwa nimesikia jina jingine, limetamkwa taratibu kama mtu anayetoa kitu mfukoni: "Mwanaisha."

Nimeswali Ijumaa maisha yangu yote, katika misikiti yenye mimbari ambazo mimi na baba yangu tumezichonga. Sijapata kusikia jina la mke wangu kutoka juu ya hata moja. Nyuma ya pazia ilitoka amin kubwa kuliko ya wanaume, na wanaume wakageuza macho kidogo, wakatabasamu.

Swala ilipokwisha nilimkuta nje, amezungukwa na wanawake, wanamshika mikono, wanazungumza wote kwa pamoja lugha asiyoijua, naye anawajibu kwa Kiswahili cha Lamu. Aliponiona akajitoa, akanijia, macho yake mekundu.

"Ulisikia?" akaniuliza.

"Nilisikia."

"Alinitaja mimi kwanza au wewe?"

"Wewe," nikasema. "Mimi nilifuata."

Akatengeneza buibui lake, akatazama safari ya kurudi iliyokuwa mbele yetu, tope, punda na mto.

"Basi beba kikapu," akasema, "unifuate."